Kwa Baba Pacha, Bwana Sivyo Wetu

Mwaka umezunguka, Baba Pacha, tangu walipokutoa roho ofisini kwako mchana kweupe, na hasira zetu bado hazijapoa.

Ulikuwa mkemia wa maabara ya dawa, mtu wa kupima mara mbili hata chumvi ya jikoni. Neno lako lilikuwa "sivyo". Fundi bomba akisema bomba limepona: "Sivyo, linavuja." Mimi nikisema nimepungua, unakwenda kuleta mizani. Wafanyakazi wenzako wakakubandika jina la Bwana Sivyo, nawe ukalipenda.

Mtoto wa dada yako alipokufa kwa dawa feki, ulivua koti jeupe. Ukajifunza kuandika programu ukubwani, ukafungua kampuni. Mtu anatuma namba iliyo kwenye boksi la dawa, simu inamjibu kama ni halali au feki. Majibu uliyatunga mwenyewe. Wahandisi wako walitaka maneno ya kiofisi, ukawaambia, "Sivyo. Mgonjwa aongeleshwe kama mtu."

Wenye dawa feki wakatuma watu na mashoka. Katibu wako alikuwa chini ya meza, alisikia yote. Walikupasua mdomo wakitaka ufute namba za dawa zao kwenye orodha ya feki. Ukakataa. Wakazitwanga kompyuta zote, vioo na damu yako vikatapakaa kwenye vigae. Mkubwa wao akasema, "Basi, programu imefutika. Twendeni."

Walishafika mlangoni. Nawe, badala ya kunyamaza, ukasema, "Sivyo. Programu haimo humo. Imehifadhiwa mbali."

Wakarudi. Sasa walitaka neno la siri la kuifungulia. Walikuvunja vidole, kimoja baada ya kingine, wakakuvunja mikono, mwisho wakakupiga shoka la kichwa. Hukulitoa.

Nimekukasirikia mwaka mzima, mume wangu. Ungefunga mdomo mara moja tu maishani mwako, leo ungekuwa hapa unanibishia. Pacha wa kike anasema ungenyamaza usingekuwa wewe. Wa kiume anatamani kuwatia mikononi wale watu, na mimi sina nguvu ya kumkanya.

Wiki iliyopita nilinunua dawa yangu ya presha. Nikiwa bado dukani nikatuma namba, kwa mazoea tu. Simu ikajibu: "Sivyo, mama. Hii ni feki, usiinywe. Nakuomba."

Nilikaa chini palepale nikalia. Kisha nikamrudishia muuza dawa boksi lake, nikakujibu kwa sauti, watu wakinitazama: "Haya, baba, nimesikia."

Unakumbukwa na mimi mkeo, Mama Pacha. Na pacha wako wote wawili. Na dada yako, aliyezika mtoto kisha akakuzika wewe. Na kaka yako mchomeleaji, aliyetutengenezea mlango mpya wa ofisi. Na katibu wako, ambaye ndiye anayeufungua kila asubuhi.

Akitokea wa kusema tumekusahau, jibu lake unalijua.