Bosko Haendi Kizingo

Baba Stacy,

Wali uko kwenye sufuria, mchuzi upashe kwanza. Mimi niko Marikiti.

Yule bwana wa Kizingo alikuja asubuhi kumchukua Bosko. Akauliza kama anabweka usiku. Nikamwambia tulimwokota akiwa mzee tayari, hata kusikia hasikii. Akasema yeye anataka mlinzi, hataki babu. Na Bosko wakati huo amemlalia viatu.

Bi Mejumaa wa jirani, asiyemgusa mbwa kwa ajili ya udhu wake, alisikia yote dirishani. Akaja na mifupa ya supu, akaiweka mlangoni. "Mzee hafukuzwi, Mama Stacy."

~~Mtafutie mtu mwingine.~~ Mtandikie gunia jikoni, pasipo na upepo.

Na wewe uliyeapa humtaki mbwa nyumbani, alfajiri nimemkuta amefunikwa kikoi chako.

Mama Stacy