Ukuta wa Leona

Jumatatu, 3 Juni 1996

Wamekuja. Watu watatu wa makumbusho; mkuu wao ni Kendra, msichana mwenye adabu. Nyumba ya babu sasa ni ya umma. Nilitia saini mwenyewe mwezi wa tatu, tena kwa furaha – afadhali makumbusho kuliko panya na upepo wa Dakota. Babu aliijenga mwaka 1893 kwa mawe na udongo, kama Wajerumani wenzake walivyojenga kule walikotoka, nyika za Urusi, kabla ya kuhamia huku Marekani. Sisi wanawake tukaikandika kila kiangazi. Udongo, majani makavu, samadi. Kwa mikono mitupu! Ukishika mwiko wa chuma, bibi anakuchapa nao.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimejisifu. Kendra aliuliza nani alikandika wapi na lini. Nikamtembeza chumba kwa chumba: ukuta huu wa mama, ule wa shangazi Philomena, huu mbovu wangu. Jikoni nikamwonyesha ukuta wa kaskazini. Wa binti yangu Leona, Julai 1974, mara yake ya kwanza kukandika peke yake. Alama za vidole vyake zinaonekana kabisa. Kendra akaandika kila neno, nami nikamkatia keki ya malai.

Sikumwambia kwamba Leona alikufa Februari iliyofuata, kwenye dhoruba ya theluji, karibu kabisa na mlango. Tulikuwa tunaongea vizuri, sikutaka kuharibu.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu wangu. Nyumba itarudishwa ilivyokuwa mwaka 1910. Udongo wote wa baadaye utabanduliwa mpaka wafikie chokaa ya buluu ya bibi. Kuta zilizofanana na za zamani wangeziacha. Hawakujua zipi ni mpya – mimi ndiye niliyewaambia! Mdomo umeponza kichwa.

Nikampigia simu Wendelin, mdogo wangu. Akaanza utani wake, eti nimewachorea ramani. Aliposikia nalia akaacha utani.

“Dada, ungesema tu ni kazi ya bibi. Nani angejua?”

Lakini kwetu kazi ya mkono wa mtu haipewi mwingine. Hata iwe mbovu. Tumelelewa hivyo, na Wendelin anajua.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa nilienda jikoni peke yangu. Nikaweka vidole vyangu kwenye alama zake. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko wangu. Nilikuwa nimesahau. Mama gani anasahau?

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi nimemweleza Kendra yote. Ametokwa na machozi, maskini. Lakini mpango umeshapitishwa, hana uwezo wa kuubadili. Akajitolea kunikatia kipande, nikiweke kwenye boksi. Udongo huu ukiukata unamomonyoka, nikamwambia. Akauliza basi nataka nini.

“Niacheni niandike kwanza.”

Nimeketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa Leona, daftari magotini. Wale wawili wamesimama mlangoni na vyuma vyao vya kukwangulia. Kendra amewaambia hawagusi kitu mpaka nimalize. Mmoja ameangalia saa, akaona haya.

Daftari bado lina kurasa nyingi. Leona alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa na nywele nyeusi, nyingi. Hakulia. Mkunga akamgeuza, akampiga kidogo mgongoni, na mimi nikasema –