Mama Haogopi Kisu, Anaogopa Sindano

Jumapili, baada ya alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi hapa Msambweni, ikakatika, ikaanza tena. Nguo zimeanikwa sebuleni na nyumba nzima inanuka unyevu. Nimejaribu kusoma Biolojia, nikasoma ukurasa mmoja tena na tena bila kuelewa hata neno.

Kesho Mama anatakiwa alazwe Mombasa ili afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, apate kupungua mwili. Si mambo ya urembo. Ana sukari, ana presha, na magoti yamekataa kabisa kusujudu, siku hizi anasali juu ya kiti. Akilala, pumzi yake hukatika, kimya, halafu hurudi kwa mkoromo mkubwa. Chumba changu kiko ubavuni mwa chake. Nimezoea kutolala mpaka nisikie ule mkoromo unarudi.

Leo amesema haendi.

Kisu hakimtishi. Daktari alipomweleza kwamba sehemu kubwa ya tumbo lake itakatwa na kutolewa, aliuliza tu kama atakula tena wali wa nazi. Anachoogopa Mama ni sindano ya dripu. Alipolazwa kumzaa mdogo wangu Bakari, wauguzi walimtafuta mshipa wasiupate. Walichoma kiwikoni, wakachoma kifundoni, wakaitana. Dripu moja ilipitia kando ya mshipa na mkono ukamvimba mpaka pete ikakatwa kwa koleo. Mwishowe walipata mshipa nyuma ya kiganja cha kushoto. Tangu hapo, kila akienda kutolewa damu hunyoosha mkono huo na kusema, “Hapa ndipo, mwanangu. Kwingine usinihangaishe.”

Kwa hiyo Mama ana mshipa mmoja anaouamini katika mwili wote.

Ijumaa tulikuwa Waa, kwenye harusi ya binti wa Shangazi Mejumaa, dada yake Baba. Kwetu, mke wa kaka akikaa harusini bila hina wala piko, watu husema ana kinyongo na mawifi. Mama alijaribu kukwepa. Alisema ana safari ya hospitali.

“Ndiyo vizuri zaidi, wifi,” Shangazi akamjibu mbele ya wanawake wote. “Huyo daktari atashika mkono uliopambwa. Au unataka kuingia kwangu na mikono mitupu kama mwanamume?”

Wanawake wakaangua kicheko, Mama naye akacheka, akanyoosha mikono. Akachorwa maua meusi ya piko kutoka kwenye vifundo mpaka ncha za vidole. Alipendeza sana. Sijamwona akijitazama mikono kwa furaha namna ile siku nyingi.

Na pilau hakuigusa. Nataka hili liandikwe. Daktari alimwamuru ale vya maji tu, supu na uji mwepesi, ili ini lake lipungue kabla ya upasuaji. Sinia zilipita mbele yake, nyama inanukia, wifi zake wanamwambia kijiko kimoja hakiui mtu. Mama alishika chupa yake ya maji akaimba nao nyimbo mpaka mwisho.

Jana muuguzi wa hospitali alipiga simu kumkumbusha mambo ya safari. Mimi nilikuwa madrasa. Alimwambia asije na rangi ya kucha wala hina vidoleni, kwa sababu wakati amelazwa usingizi kidole kitabanwa kwa kifaa kidogo cha kusoma hewa iliyomo katika damu, na rangi hukisumbua.

Mama hakumwambia muuguzi kwamba ameshachorwa. Aliona aibu. Alikata simu, akatoka uani na beseni.

Niliporudi nilimkuta amekaa juu ya kibao, pembeni yake maganda ya ndimu, chumvi, chupa ya dawa ya madoa ya nguo, na ule waya wa kusugulia masufuria. Alikuwa anasugua na machozi yanamtoka. Nilimshika mkono, maji ya beseni yalikuwa mekundu.

Piko bado ipo. Ngozi ndiyo iliyotoka.

Leo mikono yote miwili imevimba, na wa kushoto ndio mbaya zaidi, kwa sababu aliuanza huo. Nyuma ya kiganja pamechubuka na panatoa majimaji, palepale penye ule mshipa wake. Ameutazama asubuhi nzima. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema sukari imekwisha jikoni: “Palikuwa na mahali pamoja tu, na nimepachuna mwenyewe. Siendi kuchomwa kila mahali kama mto wa kuchomekea sindano. Mwambieni daktari ampe nafasi mwingine.”

Baba alitoka kazini Diani mapema, kwenye hoteli anakofua mashuka. Alimbembeleza, akambembeleza tena. Mwisho alitoka barazani akaniambia, “Mamako ni mtu mzima, siwezi kumtia garini kwa nguvu.” Sauti yake ilinitisha kuliko maneno.

Nilikwenda jikoni, nikafungua mfereji ili nisisikike, nikalia.

Nitakiri. Nililia kwa hasira kabla ya kulia kwa huruma. Nilijiuliza mtu mzima anawezaje kujisugua mikono kwa waya wa sufuria. Nilimkasirikia Shangazi, nikaikasirikia harusi, nikamkasirikia hata bibi harusi, ambaye hana kosa lolote. Kisha likanijia jambo moja. Mtu asiyetaka kwenda hospitali hajichuni ngozi ili akubaliwe hospitali. Mama alitaka kwenda. Alitaka mno.

Hapo nikachukua simu yake nikampigia muuguzi, Sista Halima. Nilimweleza yote, hata dawa ya madoa. Hakunikemea. Aliniomba picha za mikono, nikampelekea. Akanipigia baada ya muda.

Alisema nisimpake chochote, nioshe kwa maji safi na kufunika kwa kitambaa safi. Alisema daktari wa usingizi ameziona zile picha, ataipima mikono yenyewe kesho, na huenda upasuaji ukaahirishwa mpaka ngozi ipone. Hilo hakunificha. Ila kuhusu mshipa, alisema wana mashine inayoonyesha mishipa iliyo ndani kabisa, hata ya sehemu ya juu ya mkono, karibu na bega, na kifaa cha kidoleni kinaweza kubanwa sikioni. “Mwambie mama anywe maji vizuri leo mpaka saa aliyoandikiwa,” akasema. “Mtu mkavu mishipa yake hujificha.”

Nilimweleza Mama. Akaniuliza, “Na mashine yao ikikosa?”

Shuleni mwalimu alituchorea mishipa ya vena ubaoni kwa chaki ya samawati, mistari mizuri iliyonyooka. Mama yangu hayumo katika mchoro ule. Nikasema, “Sijui, Mama.”

Akanyoosha mkono akitaka nimpigie sista, akaishika simu kwa ncha za vidole.

“Assalamu alaikum, sista. Ni wewe utakayenichoma? ... Sasa nisikilize, mwanangu. Mara mbili. Ukikosa mara mbili, uniitie mwingine, wala usione vibaya. Na usinidanganye kwamba hainiumi. Na huyu binti yangu akae nami mpaka iingie.”

Sikusikia Sista Halima alimjibu nini. Nilimwona Mama akiitikia kwa kichwa, kisha akasema, “Haya. Basi muulize mkubwa wako kuhusu binti.”

Alipokata simu aliniagiza nimletee maji. Amekunywa gilasi nzima, akaomba nyingine.

“Usinitazame kwa furaha hivyo,” akaniambia. “Sijasema nitapasuliwa. Nimesema nitafika mpaka mlangoni.”

Nyote mnaosoma hapa, ikiwa mnaye mgonjwa ambaye mishipa yake haionekani, niandikieni hapa chini ilikuwaje. Niandikieni kweli, hata ikiwa mbaya. Nimechoka kuambiwa nisijali.

Baba amekwenda kumwomba jirani gari ya alfajiri. Mama yuko kitini anasali, mikono imefungwa vitambaa, anainama kwa kadiri awezavyo. Sijui kama ataahirishiwa. Sijui kama ataghairi tukiwa kwenye feri ya kuvukia Mombasa. Najua tu kwamba saa chache zilizopita alikuwa haendi, na sasa anakwenda mpaka mlangoni.

Je, mimi nitapata maneno gani ya kumvusha hatua inayofuata?