Nusu ya Tabaga

Jumatatu, 1 Julai 1996

Shule. Kisha dukani kwa baba kupanga spea. Kisha nyumbani. Mama ameamka vizuri, amekaa mkekani karibu na mlango, anasuka tabaga ya Halima. Dada yangu anaolewa mwisho wa Agosti. Kwetu Wanubi, bibi harusi haendi kwa mume bila tabaga ya mama yake, kawa la ukindu wa rangi la kufunikia chakula. Akienda mikono mitupu mawifi watamsema mpaka azeeke. Kwa hiyo mama anasuka. Tumbo limevimba, mikono imekonda, anasuka.

Baba alirudi kabla ya Magharibi, akachukua rula yangu, akapima toka kitovu cha tabaga hadi ukingoni. Sentimita kumi na tatu. Ile ya marehemu bibi, inayoning'inia ukutani, ina thelathini toka kitovuni. Mama anataka ya Halima iwe sawa na hiyo. "Karibu nusu," baba alisema, akafurahi kweli. Kila jioni anapima. Rula yangu imeanza kushika rangi nyekundu ya ukindu.

Jumatano, 3 Julai

Mwalimu Otieno, Mkenya wetu wa hesabu, amenichagua kwenda mashindano ya shule za Kampala. Ni Jumamosi ya tarehe 20. Ametupa swali la mazoezi: nukta inaangukia popote ndani ya duara, bila kuchagua mahali. Kuna uwezekano gani iwe karibu zaidi na kitovu kuliko na ukingo?

Nilicheka. Nusu. Mpaka uko katikati ya njia, huku nusu na huku nusu. Niliandika nikiwa nimesimama.

Kaweka alama ya kosa, kubwa, ya wino mwekundu. "Hiyo jibu ni ya haraka, Rukia. Enda nayo nyumbani." Darasa zima limefurahi. Nimekasirika mpaka sasa.

Ijumaa, 5 Julai

Bado naona nusu. Nimechora duara mpaka karatasi imetoboka. Mwalimu anatabasamu tu. Tabasamu hilo silipendi.

Daktari wa mama, kule hospitali ya Nsambya, alimwita baba peke yake. Baba karudi jioni. Halima alimwekea chakula, hakula. Akachukua rula. Kumi na nne. "Kufika harusi tutakuwa tumemaliza," akasema. Tutakuwa. Yeye hajawahi kushika sindano ya kusukia.

Jumanne, 9 Julai

Mama hakusuka. Ametapika mchana kutwa. Naogopa.

Jumamosi, 13 Julai

Leo ilikuwa siku nzuri, halafu ikawa mbaya.

Baba na Halima walikwenda mjini kuangalia vitambaa. Mama alikuwa na nguvu kidogo, kafikisha kumi na tano. Nusu kamili kwa rula. Nikamweleza swali langu. Kasema kubishana na karatasi ni kupoteza mchana, leta maharage. Nikashusha tabaga ya bibi, nikailaza chini, nikachora mzunguko wa chaki katikati ya njia, kumi na tano toka kitovuni. Mama akafumba macho, akawa anarusha maharage huku na huku, moja moja, anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Pasaka ya majirani. Yaliyotoka nje ya tabaga tuliyaacha. Yaliyobaki tukahesabu: ndani ya chaki, nje ya chaki.

Ndani yalikuwa machache. Tukarudia. Machache tena. Nikasema tabaga imeinama. Nikaihamisha. Yaleyale, kama robo.

Ndipo nikaona. Duara halikui upande mmoja kama rula. Linakua kwa marefu na kwa mapana. Nusu ya njia, mara nusu nyingine. Duara la ndani ni robo tu ya lote. Robo tatu zote ziko nje. Nilipiga makofi.

Kisha macho yangu yakaenda kwenye tabaga ya Halima, pale mapajani mwa mama. Kumi na tano. Robo tu. Nikaacha kupiga makofi.

Mama aliniangalia. "Wewe umejua leo," akasema. "Mimi nasuka toka msichana. Mizunguko ya nje inakula ukindu, inakula siku."

Nikamuuliza kwa nini anamwacha baba apime.

"Baba yako anataka nusu. Mimi nampa nusu. Wewe usimwambie."

Akaendelea kusuka. Nilitoka nikalia nyuma ya bafu. Maharage nimeyaokota baadaye, Halima ameyapika.

Jumatano, 17 Julai

Mwalimu Otieno amesahihisha: robo, vema. Akauliza nimefikaje. Nikasema kwa maharage. Akacheka sana. Mengine sikumwambia.

Namchukia aliyetunga swali lile. Najua ni upuuzi.

Jioni baba alipima. Mama hajasuka siku tatu, lakini baba alisoma kumi na tano na nusu. Alianzia rula pembeni kidogo ya kitovu. Nimeona. Mama naye ameona. "Afadhali," akasema mama.

Jumamosi, 20 Julai

Mama kalazwa tangu jana. Nilikataa kwenda mashindano. Kanifukuza kwa mkono kama anafukuza kuku.

Swali la sita: maduara matatu, moja ndani ya jingine, na mshale unaorushwa bila kulenga. Kila mtu kwenye meza yangu alikuwa anakuna kichwa. Mimi niliona ukindu mwekundu, ukindu wa kijani, ukindu mweusi. Nilimaliza mapema. Machozi yaliloanisha karatasi, msimamizi akadhani nimeshindwa, akanipa pole.

Moja kwa moja hospitali. Mama aliomba tabaga. Alishona kidogo huku nimemshikia, akalala na sindano mkononi. Niliitoa sindano polepole.

Jumatano, 24 Julai

Mama amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya Adhuhuri.



Alhamisi, 8 Agosti

Mwalimu Otieno alikuja kutoa pole. Akasema pia nimekuwa wa pili Kampala nzima. Wageni wakasema hongera kwa sauti ya msiba. Harusi imesogezwa hadi arobaini ipite.

Shangazi anataka kuimalizia tabaga. Halima kamwambia asiiguse, mkono wa mtu mwingine utaonekana. Shangazi kanuna. Mimi niko upande wa Halima.

Ijumaa, 6 Septemba

Kesho harusi. Halima ameifunga tabaga ukingo tu, uzi mweusi, basi. Ni ndogo. Itafunika sahani moja, sahani yake. Mawifi wakisema, waseme.

Kabla ya Magharibi baba aliomba rula. Sikuwa nimempa tangu msiba, na yeye hakuwa ameiomba. Akaweka tabaga magotini, akapima toka kitovu, safari hii bila kusogeza. Kumi na sita.

"Alivuka nusu," akasema.

"Ndiyo, baba. Alivuka nusu."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaleta kanga ya mama, tukaifunga tabaga pamoja, mimi nikashika kona, yeye akapiga fundo.