Shukrani za Shemeji Lyle

Roscoe, nimejifungia chooni kwa mama mkwe. Nikitoka nitamrukia shemeji Lyle, kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza.

Unaijua insulini yangu mpya, ile ya unga ya kuvuta kwa mdomo. Haingoji kama sindano. Ukivuta, dakika chache tu inashusha sukari, ndiyo maana unavuta chakula kikiwa mbele yako.

Basi leo, Sikukuu ya Shukrani, kilikuwa mbele yangu! Bata mzinga kakatwa, sahani zimejaa. Nikavuta.

Papo hapo Lyle akasimama. "Kabla hatujala, kila mmoja aseme anachoshukuru." Akaanza yeye. Akashukuru kazi. Akashukuru boti. BOTI, Roscoe! Halafu akashukuru injini ya boti!

Mimi jasho linanitoka, mikono inatetemeka. Nikamwambia, "Lyle, fupisha, sukari inashuka."

Unajua alinijibu nini? "Mwanamume mwenye nidhamu husubiri."

Nidhamu! Huyo aliyezimia kwa sindano ya mafua!

Simu yangu ikalia, ile kengele ya kuonya sukari ikishuka. Lyle eti, "Zima simu mezani."

Nikatumbukiza mkono kwenye bakuli la viazi vitamu. Bila kijiko. Nikala kama nguruwe mbele ya wakwe wote. Lyle akafoka, "Hatujasema amina!"

Nikasema amina, mdomo umejaa.

Mke wangu kafunika uso. Zamu ikawa ya mama mkwe, naye ananikazia macho. Nikajua leo nafukuzwa.

Akasema, "Mimi namshukuru Mungu Lyle amenyamaza. Mpeni mkwe wangu juisi."