Gari Langu la Wazi Liliishia Kwenye Magogo

Jumamosi. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini migomba bado inadondosha maji na ua mzima unanuka udongo. Niko barazani kwa Feza. Mguu wa kushoto nimeuweka juu ya kiti cha pili kwa sababu nyonga imevimba. Mtandao hapa haupatikani mpaka upande kilimani, na kilima sikiwezi. Basi naandika kwenye simu tu. Maneno haya nitayaweka blogini nikirudi mjini Kindu.

Kama nitarudi.

Feza tumemzika juzi. Nimeandika "tumemzika" kwa mazoea. Walimzika. Mimi sikuwepo.

Nianze na gari, maana wengi mnaosoma hapa mlinijua kwa sababu ya gari.

Ni gari dogo la kijani, la viti viwili, halina paa. Kitambaa cha kulifunika kipo, ila vyuma vyake vilipinda zamani na hakikunjuki tena. Lilikuja Kindu kwa treni ya mizigo kutoka kusini, likakaa pale gare, kituo cha treni, miezi mingi, mbuzi wakilala chini yake, kwa sababu mfanyabiashara aliyelileta hakupata mtu wa kulitaka. Mimi nikampa kiwanja changu, yeye akanipa ufunguo. Dada zangu walidhani nimerukwa na akili.

Akili zilikuwepo. Nilichokosa ni upepo.

Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa muuguzi wa pikipiki. Nilibeba chanjo kwenye sanduku la barafu, nikivuka mto Lualaba na kushika njia ya kwenda mji wa Kama, kijiji hadi kijiji. Mtu aliyezoea pikipiki ukimweka kwenye gari lenye vioo umemfungia chumbani. Hasikii harufu ya mawese yanapochemshwa. Hajui kwamba ameingia kwenye kivuli cha msitu mpaka akione, wakati zamani alikijua kwa mashavu. Ndani ya gari langu la wazi nilivipata tena vitu hivyo. Kila saa kumi alasiri nilitoka gare hadi bandarini na kurudi, kwenye kile kipande cha barabara kinachopitika. Watoto wa mtaa wa Kasuku waliliita Sabuni, kwa umbo lake. Halilali kwenye kona. Pikipiki unaiambia kwa kiuno, gari unaliambia kwa mikono, na bado kwenye kila kona bega langu liliinama bure.

Lakini upepo ulikuwa uleule. Na halikuweza kuniangusha.

Hapo ndipo penye uongo wangu.

Miaka miwili iliyopita pikipiki iliteleza kwenye mteremko wa udongo mwekundu ikanilalia. Nyonga ilivunjika. Nililala chini yake nikitazama gurudumu la mbele likizunguka mpaka likasimama, halafu nikangoja watu, na watu hawakuja upesi. Mfupa uliunga vizuri. Nikawaambia wote kwamba daktari amenikataza magurudumu mawili maisha yangu yote. Niliandika hata hapa. Mlinipa pole nyingi sana.

Daktari hakusema hivyo. Alisema: baada ya miezi sita rudi polepole, anza kwa kubebwa nyuma.

Nilijikataza mwenyewe.

Sasa niseme Feza alikuwa nani. Alikuwa mkunga wa kijiji hiki. Tulijuana kabla ya vita, kikazi tu: mimi naleta chanjo, yeye anakusanya akina mama na watoto. Vita vikaja. Treni ikaacha kufika Kindu, boti zikaacha kupanda mto, chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko. Watu walisukuma mizigo kwa baiskeli siku nyingi porini. Chochote chenye injini kilichukuliwa na wenye bunduki. Mimi bado nilikuwa na pikipiki nyekundu ya kazi, na bado nilikuwa naitembeza, kwa ujinga wa ujana.

Siku moja mchana nilifika hapa na sanduku langu, nikakuta watu wanakimbilia msituni. Wenye bunduki walikuwa kijiji cha pili. Njia ya kurudi nyuma haikuwepo. Feza hakukimbia. Aliniuliza tu, "Spana iko?"

Tuliifungua ile pikipiki yote, sisi wawili, kwenye sakafu ya chumba cha kuzalishia. Yeye hakuwa amewahi kushika spana. Injini tuliizungushia turubai tukaizika kwenye shamba la muhogo. Magurudumu tuliyaingiza kwenye makuti ya paa. Tangi la mafuta alilisugua kwa majivu na sabuni, akalijaza maji, akaliweka katikati ya mabeseni yake kama chombo cha siku zote.

Walipofika walikuwa wameshaambiwa kuna pikipiki. Walimuuliza yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nimejilaza kitandani nikijifanya mzazi, na kanga tumboni. Niliwasikia.

"Moto iko wapi?" Ndivyo huku wanavyoiita pikipiki.

"Ilienda na bwana yake," Feza alijibu.

Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Wakamuuliza tena. Akajibu maneno yaleyale. Sijui ni mara ngapi, sikuhesabu, nilikuwa nimefumba macho. Niliyafumba muda wote. Mkono wake wa kulia haukunyooka tena baada ya siku ile, na kwa mkono huo uliopinda aliendelea kuzalisha wanawake mpaka uzee.

Miezi minne nilikaa kwake. Kisha tuliifukua injini, tukaiunga pikipiki upya, boliti moja ikabaki mkononi, hatukujua ni ya wapi. Iliwaka hivyohivyo. Nilimbeba Feza nyuma yangu mpaka Kindu akatazamwe mkono, naye alicheka njia nzima kwa sauti kubwa, kwa sababu hakuwa amewahi kwenda mbio kiasi kile.

Huyo ndiye mtu ambaye sikumtembelea miaka miwili.

Alikuwa ananitumia habari kwa waendesha pikipiki wanaokuja sokoni. "Miguu yangu inavimba, Mwaju akuye aangalie." Mimi muuguzi. Nilijua miguu kuvimba kwa mwanamke wa umri ule kunaweza kuwa moyo. Nilimtumia vidonge vya kupunguza maji kwa mikono yao haohao, na ujumbe kwamba aje hospitali, na kwamba mimi, unajua, daktari amenikataza. Alijibu kwamba hospitali ataenda nikija kumchukua.

Jumanne asubuhi binti yake, Mariamu, alipanda kilimani akanipigia.

"Mama Mwaju, mama iko mubaya. Usiku hakulala, anakaa tu anatafuta pumuzi. Anasema ukuye leo."

Nilichukua sanduku la dawa nikaingia kwenye gari. Nililivusha kwa kivuko hadi Alunguli, ng'ambo ya mto, nikashika njia. Gari lile halikutengenezwa kwa njia hii. Tumbo lake lilikwaruza kila tuta, nikawa napanda gurudumu moja ukingoni na jingine katikati, nikienda mwendo wa mtu mwenye haraka kwa miguu. Pikipiki zilinipita, ndizi na magunia nyuma, wenyewe wakigeuka kutazama kichwa changu kikiwa wazi juani.

Nikafika kwenye kijito. Daraja lake ni magogo matatu. Kutoka pale mpaka kwa Feza ni kilomita saba.

Nilizima gari.

Kulikuwa na mwendesha pikipiki mmoja anaosha mnyororo, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Jina lake Saidi. Ndiye aliyekuwa akibeba vidonge vyangu. Alinijua mara moja. Akanishika mkono tukavuka magogo kwa miguu, polepole, akarudi kuivusha pikipiki yake, akaiwasha.

"Panda, mama. Nitaenda pole. Hii njo njia yangu ya kila siku."

Nikapanda. Niliweza kupanda, nyonga haikuuma. Alipoachia klachi na pikipiki ikasogea, kitu ndani yangu kikakatika. Nilipiga kelele. Nilimshika shingo. Saidi alisimamisha tukiwa hatujafika hata mita ishirini, nami nikashuka nikakaa chini kwenye majani, kilemba kimefunguka mabegani.

Alijaribu tena kunibembeleza. Nikakataa. Akaniuliza basi amwambie nini mama Feza.

"Mwambie nimeshindwa."

Aliondoka na sanduku la dawa. Mimi nilirudi ng'ambo nikakaa kwenye gari langu. Sikufikiri lolote la maana. Nilifuta vumbi kwenye usukani kwa ncha ya kanga, nikafuta, nikafuta.

Baada ya zaidi ya saa moja nilisikia pikipiki. Saidi alikuwa mbele. Nyuma kabisa Mariamu. Katikati yao Feza, amefungwa kwa kitenge kwenye mwili wa binti yake, kichwa kimelala mgongoni kwa Saidi, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Saidi alisimama kwenye magogo na hakuzima. Alivuka nao wote wawili.

Mgonjwa ndiye aliyenifuata mimi. Kwenye kiti kilekile nilichoshuka.

Tulimweka garini. Gari lina viti viwili, hivyo Mariamu alirudi kwenye pikipiki ya Saidi, wakatufuata. Feza alitazama kulia na kushoto, akagusa mlango.

"Kumbe kagari kenyewe njo haka," alisema. Midomo ilikuwa ya buluu.

Niliendesha. Kila tuta alishika kiti kwa ule mkono uliopinda. Tulipofika mahali pazuri kidogo niliongeza mwendo, upepo ukampiga usoni, akafungua mdomo kuupokea kama mtu anayekunywa. Nikaona nimwambie. Sijui kwa nini pale.

"Feza, munganga hakunikataza. Ni uoga wangu."

Alitafuta pumzi kwanza.

"Miaka mbili, Mwaju," alisema. "Miye nilikuwa nakungojea."

Nikaendelea kuendesha.

Mtoni kivuko kilikuwa ng'ambo kinapakia. Tulikingoja juani, gari wazi, nikimshikilia kitenge juu ya kichwa mpaka mabega yakafa ganzi. Sanduku la dawa lilikuwa limerudi nao, nilimpa dawa zote zilizofaa, nikapima mapigo ya moyo, nikapima tena. Baada ya hapo hakukuwa na kazi nyingine ya muuguzi. Tulitazama maji.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari alinieleza kwa upole mambo niliyokuwa nayajua. Jumatano, wakati wa alasiri, Feza alifariki, Mariamu akiwa ameshika kichwa chake na mimi miguu yake.

Alhamisi walimrudisha nyumbani. Gari la jamaa lilimbeba mpaka kwenye magogo, mimi nikifuata na Sabuni yangu. Hapo wanaume walimtia begani wakavuka. Wengine wakapanda pikipiki. Saidi alinisubiri wa mwisho.

"Mama, twende?"

Nilitikisa kichwa. Hakunilaumu, hata kwa macho. Nikaliacha gari palepale nikaanza kutembea.

Kilomita saba. Wabebaji walinipotea kwenye kona ya kwanza. Nilikata fimbo. Nilikaa mara nyingi. Njia ile niliyoipita miaka yote kwa muda wa kuchemsha chai ilinichukua tangu saa tatu mpaka jua likapita utosini. Nilipoingia kijijini wanaume walikuwa wanaosha majembe. Mariamu alinikumbatia akanionyesha mahali. Udongo ulikuwa umeshasawazishwa na kumwagiwa maji.

Tangu hapo niko hapa. Nyonga imekataa. Mariamu ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, yeye mwenye msiba, mimi mgeni. Jana wanawake wawili waliniletea watoto wao wenye homa, wakawaweka miguuni pangu bila kuuliza kitu. Niliwapima watoto. Mmoja wa wanawake hao alizaliwa kwa mikono ya Feza.

Gari liko kwenye magogo, limejaa maji ya mvua bila shaka, maana halifunikiki. Kutembea tena siwezi, labda baada ya wiki, labda zaidi. Ndugu wa Feza wamejitolea kunibeba kwa machela, na nimeona aibu mpaka nikajifanya sikusikia.

Saidi hupita kila asubuhi akienda sokoni. Anasimama pale uani, injini inanguruma, ananisalimu, anangoja kidogo. Jana nilimwambia bado. Leo nilimwambia bado. Mariamu alikuwa anafagia, akaacha kufagia, akanitazama, kisha akaendelea.

Kesho saa mbili atasimama tena. Nimejaribu jibu kwa sauti ya chini tangu adhuhuri, nikiwa peke yangu barazani, na kila ninapofika kwenye neno "ndiyo" najikuta nimesema "bado".

Je, mtu wa umri wangu hufundishwa upya kupanda, au hufa mahali uoga wake ulipomkalisha?