Moto Usiopikia Kitu

Jumanne leo. Ukungu umekaa toka asubuhi. Mti wa plamu hapo mlangoni nauona nusu, nusu nyingine sijui imekwenda wapi. Mimi nasema, mkwe wangu Zaina anaandika kwenye simu. Zaina, usinirekebishe.

Kikundi chetu cha wamama tunapika jamu hapa Malindi, hii ya milimani, si ile ya pwani, na mtunza moto ni mimi. Kuni zimekuwa shida, zinapandishwa kwa gari kutoka kijiji cha Mnazi huko chini. Mwenyekiti wetu Mama Eliza akasema zikiendelea kuisha hivi tunafunga jiko, kila mtu arudi kwake.

Nimewaza mno.

Mama yangu hakuacha moto ufe. Ukifa, unashika kigae unapita kwenye ukungu kuomba kaa kwa jirani, na haya unaona. Basi nimekua hivyo. Pale kikundini sufuria ya kwanza inaepuliwa saa nne, ya pili inabandikwa saa nane. Hapo katikati moto unawaka tu, mimi nachochea. Naangalia moshi unapanda unaungana na ukungu, nasinzia, namwona mama.

Mmaliza kuni nilikuwa mimi.

Alhamisi nikauzima. Saa nane nikaenda kwa jirani na kigae, mzee mzima, naomba kaa. Ijumaa vilevile. Jamu imeiva kama siku zote, na mzigo mzima wa kuni umebaki.

Leo kwenye kikao nikauburuta ule mzigo, nikaubwaga mezani juu ya makaratasi yao. Nikasema, huu ni wa siku mbili tu, tungeuunguza bure, na mwunguzaji ni mimi.

Mama Eliza akacheka. "Bibi, umekuja kujifukuza kazi?"

"Mkifunga jiko si tutafukuzwa wote, na wewe na cheo chako?"

Wakacheka wote. Jiko halifungwi. Sufuria ikiepuliwa, moto unazimwa.

Kabla ya kutoka nikayagusa mafiga. Ya baridi! Toka tuanze kikundi sijayagusa yakiwa baridi. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mama Eliza akaja nyuma yangu, akanitia kiberiti mkononi. "Kaa nacho wewe, Bibi. Asiwashe mtu mwingine."

Nimekifunga kwenye pindo la khanga. Nikitembea, njiti zinacheza humo ndani.

Mama, kesho moto ukifa, siendi kuomba kaa.